Nyumba ya Mkwe

Chumba chetu kilikuwa juu ya duka la nyavu, mtaa wa Mukendo, mjini Musoma, na kwa sababu hiyo huzuni zote nilizozisikia mwaka ule zinanukia nailoni mpya. Hata leo nikipita mbele ya duka lile, robota la nyavu likifunguliwa, mwili wangu unakaa mkao wa kusikiliza kabla mimi mwenyewe sijajua.

Ndani mlikuwa na meza mbili, simu mbili na pazia ambalo upepo wa ziwa ulilitoa nje na kulirudisha ndani mchana kutwa. Ukisimama upande wa kushoto wa dirisha uliliona ziwa lenyewe, kipande chembamba kati ya mapaa mawili ya bati. Aliyetupigia hakuyajua hayo. Alijua tu kwamba redioni walitangaza namba ya bure ya mtu aliyezidiwa, mtu aliyefika mahali ambapo kuishi na kutoishi vinaonekana kulingana uzito.

Nilifika pale kwa njia ya kuandika. Jumamosi tulikuwa tunakutana vijana wachache katika darasa la shule ya msingi, kusomeana hadithi zetu. Tuliyapenda maneno kupita kiasi, na kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake amalize ili aanze yeye. Jumamosi moja akaja mama mmoja wa Bunda, muuguzi mstaafu. Alikaa nyuma kwenye dawati la watoto, magoti yamepanda karibu na kidevu, akatusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema anafungua huduma ya simu kwa watu wanaofikiria kujiua, na anatafuta vijana wanaojua lugha za nyumbani za huku kwetu.

"Nimeambiwa nyie ni watu wa maneno," alisema.

"Ndiyo, Sista," mwenzetu mmoja akajibu kwa fahari. Wote tulimwita Sista, kama wauguzi wa zamani wanavyoitwa.

"Basi mtapata shida. Kazi yenyewe ni kunyamaza."

Wenzangu walicheka. Mimi nilimfuata mpaka nje. Baba yangu ni wa Suguti, mama yangu ni wa upande wa Butiama, na nilikuwa na lugha mbili mdomoni kabla Kiswahili hakijanikuta darasa la kwanza. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu angezihitaji.

Tulifundishwa na mwalimu aliyetoka mbali, mtu mpole, mwenye sauti ya chini. Alitueleza kwamba anayepiga simu ya namna ile mara nyingi hakitaki kifo chenyewe. Anataka maumivu yaishe, na haoni mlango mwingine. Ile kupiga tu ni sehemu yake moja ambayo bado inataka kubaki, na sisi tuzungumze na sehemu hiyo. Tusihubiri. Tusimwambie kwamba kuna wenye shida kuliko yeye. Tumuulize waziwazi, kwa neno lenyewe, kama anafikiria kujiua, kwa sababu swali halimtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Linampunguzia upweke wa kulibeba. Baada ya hapo tujue ni kitu gani kiko karibu naye na ni nani yuko karibu naye. Kitu tukisogeze mbali. Mtu tumsogeze karibu. Nilipenda jinsi kazi kubwa hivyo ilivyoweza kusemwa kwa maneno mawili ambayo hata mtoto anayajua, karibu na mbali.

Jambo la mwisho alilotufundisha lilikuwa majina. Tusitaje letu, tusimlazimishe mpigaji kutaja lake. Mtu akijua hajulikani, atasema.

Hapo ndipo tulipokwama.

Wiki zile za mwanzo simu ziliita, nasi tukapokea, na mazungumzo yakaenda hivi:

"Habari za huko."

"Nzuri, kaka. Umepiga simu ya msaada, nakusikiliza."

"Wewe ni wa wapi?"

"Mimi ni mhudumu hapa. Niambie tu kilicho—"

"Nimeuliza wa wapi. Mtoto wa nani?"

"Hapa huwa hatutajiani majina."

"Haya. Kumbe nyie ni wale matapeli wa ile hela tuma kwenye namba hii."

Akakata. Mwanamke mmoja aliniambia kwamba mtu anayeficha kwao ana jambo alilolifanya huko kwao. Mwingine aliniombea, kwa upole kabisa, nipate kazi ya halali. Tulikuwa tumefundishwa kwamba kutojulikana kunamfungua mtu mdomo, na huenda kweli kunamfungua, kwenye miji mikubwa. Kwetu, mtu asiye na kwao humwelezi hata bei ya dagaa.

Mzee ninayetaka kumsimulia alipiga mchana mmoja, saa ambayo watu wamekula na mji umelegea. Alianza kwa salamu, na salamu zake hazikuwa na haraka. Aliuliza mvua za Musoma, akauliza kama ziwa limetulia, akauliza kama wavuvi wanapata. Alikuwa anaongea Kiswahili cha mtu aliyejifunza ukubwani, kwa uangalifu, kama anayevaa koti la kanisani. Nyuma yake nilisikia kengele ya ng'ombe, ikilia na kunyamaza.

"Sasa," akasema, "nazungumza na nani?"

"Unazungumza na mhudumu, Mzee. Hapa hatutaji majina, ila nakusikiliza."



"Nilitaka niage mtu," akasema. "Nikiaga wa hapa nyumbani watajua. Nikaona niage mtu wa simu."

Nilikaa wima. Sista, aliyekuwa meza ya pili, aliona mgongo wangu, akaja.

"Unaaga unakwenda wapi, Mzee?"

"Siwezi kukwambia. Sikujui. Unaweza ukawa mkwe wangu, nikawa naongea mambo ya aibu kwa mkwe. Samahani, binti. Tuishie hapo."

Simu ikakatika, na kengele ya ng'ombe ikaondoka nayo.

Kwa msomaji asiyekulia kwetu, niseme kwamba mkwe si mtu unayezungumza naye ovyo. Mzee na mke wa mwanawe wanaweza kuishi mji mmoja, yaani boma moja la familia, miaka yote bila kukaa benchi moja. Hawatazamani usoni. Mzee haingii nyumba ya mkwe wake, hata mvua ikimkuta mlangoni. Wakitaka kuambiana jambo humtuma mtoto: kamwambie babu chakula tayari, kamwambie mama yako ng'ombe wamerudi. Si chuki. Ni heshima iliyojengewa ua. Na mzee yule, aliyekuwa ameamua kuondoka duniani, bado alikuwa analinda ua huo dhidi ya msichana asiyemjua aliyeko juu ya duka la nyavu.

"Namba yake imebaki kwenye simu," nilimwambia Sista. Utaratibu wetu ulikuwa hatumpigii mtu asiyeomba kupigiwa, isipokuwa msimamizi akiona hatari.

"Amesema anaaga," akajibu. "Hiyo ni hatari. Mpigie."

"Ataniuliza tena mimi ni nani."

"Basi mwambie."

"Jina?"

"Jina la nini? Amekuuliza jina? Anataka kujua kama wewe ni mkwe wake. Mpe ukoo wa baba yako na ukoo wa mama yako, apige hesabu mwenyewe. Ukoo una watu wangapi? Hakuna atakayekutambua kwa huo."

Nilipiga. Iliita mpaka nikaanza kuhesabu mapaa ya bati dirishani. Alipopokea nilizungumza lugha ya mama yangu, na kwa upande wa pili nilisikia pumzi ikibadilika.

"Babu, ni yule wa simu. Umeniuliza mimi ni nani nikakujibu vibaya." Nikamtajia ukoo wa baba, wa Suguti. Nikamtajia ukoo wa mama. Akauliza ukoo wa mama wa mama, nao nikamtajia. Kisha akawa ananung'unika peke yake, anapanda na kushuka vizazi kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mifuko ya koti.

"Mama yako kwangu ni binti," akasema hatimaye. "Wewe basi ni mjukuu. Nilikuwa nakuogopa bure, kumbe ni mke wangu."

Wa kwetu watatabasamu hapa. Babu na mjukuu wa kike ni watani. Anamwita mke wake, naye anamwita mume, na hakuna neno wasiloweza kuambiana. Sista, aliyekuwa amevaa vipokea sauti vya pili masikioni, alijifunika mdomo.

"Shikamoo, mume wangu," nikasema.

"Marahaba. Umekuwa wapi siku zote hizi?"

"Nipo mjini, nakula sato."

"Nilijua. Wanawake wa ziwani." Akacheka, kicheko kifupi kilichokauka, kisha kicheko kikaisha na hakikuacha kitu. "Mwenzako alinitoka mwaka jana," akasema. "Mke mwenzako. Hukuja kumzika."

"Sikuja, Babu. Nisamehe. Niambie alikuwaje."

Aliniambia. Sitayaandika yote, lakini alikuwa mwanamke aliyeimba akiwa anakasirika, hivi kwamba watu wa mji walijua hali ya nyumba kwa wimbo. Tangu afe, alisema, mji uko kimya hata ng'ombe wameona. Macho yake nayo yameingia ukungu. Zamani alikuwa anamjua kila ng'ombe kutoka kilimani. Sasa ni mpaka amshike pembe. Watoto wake wa kiume wawili, mmoja yuko Mwanza na mwingine anafanya kazi Bunda, walikuja wakakaa kikao. Ng'ombe wauzwe. Mzee ahamie Bunda, kwenye chumba. Ijumaa gari litakuja kuwachukua ng'ombe.

"Walikuwa wanaongea mbele yangu," alisema. "Huyu amchukue mzee, huyu asimamie mifugo. Kama vile watu wanavyogawana nguo za marehemu baada ya matanga. Na mimi bado nimezivaa."

Nilikuwa na mambo mengi ya kusema. Niliyabana. Niliacha ukimya ukae mahali pake, kengele ikalia, kisha nikauliza swali tulilofundishwa. Niliuliza kwa Kiswahili. Sikupanga, ulimi wangu wenyewe ulikimbilia huko, kwa sababu Kiswahili kwetu kimesimama hatua moja mbali na ngozi, na neno lile kwa lugha ya mama sijawahi kulisikia likisemwa ila kwa kunong'ona.

"Babu, unafikiria kujiua?"

"Umeniuliza kwa lugha ya shule," akasema. "Uliza vizuri."

Nikamuuliza kwa lugha ya nyumbani. Neno lilipita kooni kama kitu chenye pembe. Nilitazama pazia likitoka dirishani, likarudi.

"Ndiyo," akasema. Na baadaye kidogo, "Hakuna aliyeniuliza."

Nikamuuliza lini. Kabla ya Ijumaa, alisema. Nikamuuliza kama kuna kitu amekiandaa, akanitajia. Sitakiandika hapa. Kilikuwa karibu naye kuliko nilivyotaka, na kwa hiyo nilijua kazi ya kwanza ni ipi.

"Nani yuko hapo nyumbani sasa hivi, mume wangu?"

"Hakuna mtu."

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mchakacho, unakuja na kuondoka, kama mvua ndogo juu ya majani.

"Hiyo sauti ni ya nini?"

"Mkwe, anapepeta mtama. Mke wa huyu wa Bunda. Huyo siongeagi naye."

Nilimtazama Sista. Aliinua kidole kimoja akakielekeza chini, taratibu: kaa hapo hapo.

"Huwaga mnaambiana vipi jambo?"

"Kwa watoto. Wameenda shule."

Mtu aliye karibu alikuwa ng'ambo ya kiwanja kimoja cha nyumbani, anapepeta mtama, na kati yao kulikuwa na ua ambao mimi sikuwa na haki ya kuung'oa. Hata ningeweza, nisingetaka. Mzee aliyepoteza mke, macho na ng'ombe, ukimwambia pia aache heshima yake umemwachia nini? Ndipo nikajisikia nikisema, bila kufikiri sana:

"Basi nitume mimi. Mimi si mjukuu?"

Akaguna, mguno ambao ulikuwa na kicheko chini yake.

"Mke anatumwa kama mtoto."

"Nitume, Babu. Nimwambie akichukue kile kitu akiweke mbali nawe."

"Akiweke wapi? Mji huu naujua wote hata bila macho." Alifikiri. Kengele ililia ikanyamaza, ikalia. "Akiweke ndani mwake," akasema. "Huko siingiagi. Hata nyumba iungue nitasimama mlangoni."

Sista alifumba macho. Nadhani sote wawili tuliona kwa pamoja: katika mji ule hakukuwa na kufuli wala sanduku lililoshinda mlango wa mkwe, na aliyetuonyesha mlango huo alikuwa ni yeye mwenyewe. Sehemu yake ile inayotaka kubaki ilikuwa imetafuta kwa bidii, ndani ya mila zake, ikapata mahali ambapo mkono wake hautafika.

Tulipatana nitakachomwambia mkwe na nitakachokiacha. Kuhusu kuaga, nimwambie. Kuhusu kulia kwake usiku, alikokuwa amenidokeza, hapana. Kisha nilimsikia akiweka simu juu ya kigoda katikati ya kiwanja. Nikasikia kikohozi, kile cha mzee anayemjulisha mkwe kwamba yupo na anapita. Hatua zake zikaelekea zizini. Mchakacho wa ungo ukakoma.

Sijui ulikuwa muda gani. Nilisikia kuku, upepo kwenye kipaza sauti, ndege mmoja aliyerudia neno lile lile. Mkono wa Sista ulikuwa begani kwangu.

"Halo?" Sauti ya mwanamke, ya chini. "Baba ameacha simu ameondoka. Nani wewe?"

Nikamwambia mimi ni nani kwa mzee, na kwamba nimetumwa. Nikamweleza. Nilipotaja neno lenyewe hakushtuka kama nilivyotegemea. Alivuta pumzi, akaanza kusema haraka, kama mtu aliyekuwa ameshikilia mlango kwa mgongo.

"Nilikuwaga namwona haliagi chakula. Sahani inarudi vile ilivyoenda. Nikasema labda ni mapishi yangu, nikawa nabadilisha mboga kila siku. Nikamwambia mume wangu kwenye simu, akasema ni uzee tu. Mimi ningemuuliza vipi, dada? Ni baba mkwe."

"Hukukosea, mama. Sasa amekutuma yeye." Nikamwambia kitu kilipo, na mahali alipotaka kiwekwe.

Alielewa mara moja. Nilisikia hatua zake zikienda upesi, zikanyamaza, zikarudi zikiwa nzito zaidi. Mlango wa bati ulikwaruza sakafu. Komeo.

"Nimeweka," akasema, akihema. "Mwambie nimeweka. Na mwambie..." Akatafuta. "Mwambie mimi sikuwa kwenye kikao. Mimi sikugawana. Mwambie leo chakula nitampelekea mwenyewe, nitaweka pale kwenye kigoda nirudi nyuma. Nitakaa jikoni nisikie kijiko."

Mkwe alipoondoka, mzee alirudi, kikohozi kwanza. Nikafikisha ujumbe wote kama mtoto mwema, neno kwa neno.

"Amesema hakugawana?"

"Amesema hivyo."

"Na mboga alikuwa anabadilisha?"

"Kila siku, Babu."

"Nilidhani ni ulimi wangu," akasema.

Tulizungumza tena kwa muda. Aliruhusu mkwe amwite mume wake kutoka Bunda, aje yeye mwenyewe, asije na gari. Aliruhusu Sista azungumze na huyo mtoto kuhusu hospitali, si ya macho tu, pia ya huzuni inayomnyima mtu chakula, maana nayo ina watu wake wa kuitibu. Niseme ukweli: hakuniambia kwamba hataki tena kufa. Aliniambia kwamba kesho nikipiga atapokea. Simu za namna ile haziishii kwenye ahadi kubwa. Zinaishia kwenye kesho, na kesho inatafuta kesho yake.

Kesho yake nilipiga, na simu yake ilikuwa imezimwa.

Sista alinikataza kupiga kila dakika, kisha mwenyewe akapiga. Imezimwa. Chini dukani walikuwa wanapima nyavu, wanaitana, wanabishana juu ya ukubwa wa matundu, na nilichukia kwamba dunia inaweza kubishana juu ya matundu. Nilijaribu kufikiria kitu kilichofungiwa ndani ya nyumba ile na mlango wa bati. Nikajiambia ua umesimama miaka mingi kuliko huzuni yake. Lakini sikujua. Mtu wa simu hajui. Ana sauti tu, na sauti ikikoma ana chumba.

Mkwe alikuwa ametuachia namba yake. Sista akampigia, akaweka sauti ya wazi.

"Baba?" mwanamke akasema. "Ametoka asubuhi na fimbo yake. Nimemtuma mtoto amfuate nyuma, asijue. Amekwenda kwa yule mwenye sola anayechajia watu simu. Eti mke wake wa mjini atapiga, na simu haina moto."

Sista alicheka mpaka akatoa leso. Mimi nilikwenda dirishani, upande wa kushoto, nikatazama kile kipande cha ziwa mpaka kikaacha kutetemeka.

Ijumaa ilipofika gari halikuja. Alikuja mtoto wa Bunda, kwa basi, akakaa na baba yake kiwanjani mchana mzima. Mkwe aliniambia baadaye kwamba mwanzoni walikuwa wanatazama zizi tu. Kisha mzee akamuuliza swali moja: ulinionaje mpaka ukanigawa? Mtoto akalia. Sina la kuongeza hapo, sikuwepo. Baadhi ya ng'ombe waliuzwa, kwa idhini ya mwenyewe, kwa sababu kweli hakuweza tena kuwachunga wote. Jicho moja daktari alisema linaweza kusaidiwa, jingine limechelewa. Kuhama, hapana. Kuna siku zilikuwa mbaya, na siku hizo alinipigia yeye. Alikuwa ananisalimia kwa ufupi, nikajua. Nilimuuliza swali lile lile kila mara, kwa lugha ya nyumbani, na kila mara neno lilikuwa limepoteza pembe moja.

Pale chumbani tulibadilisha utaratibu. Majina bado hatutaji. Lakini mtu akiuliza wewe ni wa wapi, tunamwambia ukoo, tunamwacha apige hesabu. Nimekuwa shangazi wa watu nisiowajua, dada mdogo, mara moja mama wa mwanamume mwenye mvi. Siwezi kusema kwamba wote tuliwapata tena kesho yake. Kuna namba ambazo hazikupokelewa, nasi hatukujua kwa nini, na Sista alitufundisha kukaa na kutojua huko bila kujipiga nako.

Mwezi uliopita nilikwenda na mama yangu huko Mwitongo, Butiama, kwa ndugu zake, kwenye kipaimara cha mtoto. Tulipokuwa tunapita kati ya miji ya watu nilisikia kengele ya ng'ombe, karibu kabisa, nyuma ya ua wa mikonge. Mama akaniuliza mbona nimesimama. Nikasema nimeingiwa na kokoto kiatuni. Nilikivua, nikakikung'uta, nikavaa, tukaendelea. Sikutazama. Kengele ziko nyingi Butiama, na hata kama ndiyo ile, mimi ni wa simu.

Kabla ya kuandika haya nilimwomba mzee ruhusa kwa simu, yeye na mkwe wake, na Sista alikuwepo. Nilimwambia nitabadilisha mambo mengi ili asijulikane. Alifikiri.

"Andika," akasema. "Sema mke amekufa, sema macho, sema watoto. Wazee wenye hayo ni wengi. Lakini usitaje rangi ya ng'ombe aliyebaki. Ukitaja rangi, kuanzia hapa mpaka Bunda watajua ni mimi."

Nikamwahidi. Alikuwa ameniambia rangi hiyo siku moja, kwa kirefu, mpaka alama ya kwenye paja, jinsi anavyoikumbuka kwa vidole sasa kwa kuwa macho hayaileti. Ni rangi nzuri sana kuandika. Naiacha.

"Na kile kitu, mume wangu," nilimuuliza kabla ya kukata. "Bado kiko ndani kwa mkwe?"

"Nitajuaje?" akasema. "Mimi naingiaga mule?"

Nyuma yake nilisikia sahani ikiwekwa kwenye kigoda, hatua zikirudi nyuma, na baada ya muda, kijiko.